Je, Wajua? Duka la Jirani Limehamia Kwenye Simu ya Mfilipino

Wengi wetu Afrika Mashariki tuliwafahamu Wafilipino kwanza kupitia televisheni. Tamthilia ya Pangako Sa 'Yo, iliyotengenezwa na kituo cha ABS-CBN kati ya mwaka 2000 na 2002, ilitufikia kwa jina la The Promise, na jioni ilipowadia watu waliacha vyombo bila kuoshwa wakakaa kumtazama Yna na Angelo. Hatukujua Kitagalogi hata neno moja, lakini walipolia nasi tulilia. Naikumbuka tamthilia hiyo kila ninaposoma habari za makampuni yanayohangaika kuwapata wateja wa Kifilipino mitandaoni, maana yaliyotunasa sisi sebuleni ndiyo yanayouza huko kwenye simu: familia, heshima kwa wazee, mapenzi yanayosubiri siku yake, na kicheko katikati ya shida.

Ufilipino ni nchi ya visiwa 7,641, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 109. Ripoti ya Digital ya mwaka 2021, ya We Are Social na Hootsuite, iliwaweka Wafilipino mbele ya mataifa yote iliyoyachunguza kwa kukaa mtandaoni: saa 10 na dakika 56 kwa siku, na kati ya hizo saa 4 na dakika 15 kwenye mitandao ya kijamii. Mfanyabiashara akiziona tarakimu hizo hutokwa na udenda. Hulitafsiri tangazo lake la ng'ambo, akalilipia Facebook, akasubiri wateja wamiminike. Hasara yake huanzia hapo, kwa kuwa Mfilipino hakuingia mtandaoni ili awe mtu mwingine. Aliingia pamoja na duka lake la jirani, soko lake, bibi yake na kalenda yake.

Je, wajua kwamba salio la simu liliuzwa kwa mtindo wa shampuu?

Huko kuna duka linaloitwa sari-sari. Neno hilo maana yake ni vitu vya namna nyingi, na hata umbo lake linafanana na "mbalimbali" yetu. Ni duka dogo lililofunguliwa kwenye dirisha la nyumba ya mtu, lenye nondo au wavu na tundu la kupitishia bidhaa. Inakadiriwa kuwa yapo zaidi ya milioni moja nchini kote. Hapo watu hununua kwa mtindo wa tingi: sigara moja, mafuta ya kupikia kwenye kimfuko, kitunguu saumu kimoja, shampuu ya kuosha kichwa mara moja. Mtanzania atasema vitu vya kupima. Mkenya atasema kadogo.

Mama mwenye duka anakujua kwa jina, anajua unalipwa tarehe ngapi, na deni lako limo daftarini. Kati yake na mteja wake kuna neno moja wanaloitana wote wawili: suki. Mnunuzi ni suki wa muuzaji, na muuzaji ni suki wa mnunuzi, kama ambavyo mjini Nairobi mnunuzi naye humwita mwenye kibanda "kastoma". Suki hupunguziwa bei, hutunziwa kipande kizuri cha samaki, na huambiwa ukweli kwamba leo papai si zuri, arudi kesho. Ukilielewa neno hilo umeelewa nusu ya masoko ya Kifilipino, ya barazani na ya mtandaoni.

Kampuni za simu zililielewa mapema. Mwaka 2003 kampuni ya Smart ilianza kuuza salio bila kadi ya kukwangua: mwenye duka analirusha kutoka kwenye simu yake kwenda kwenye ya mteja, kidogo kidogo, kadiri ya sarafu alizonazo mteja mkononi. Ghafla kila dirisha la sari-sari likawa wakala. Mwaka uliofuata, 2004, kampuni ya Globe ikaanzisha GCash, huduma ya kutuma na kupokea fedha kwa simu. M-Pesa ya Safaricom ilizaliwa Kenya Machi 2007. Nalitaja hili bila kuipunguzia M-Pesa heshima yake, kwani M-Pesa ilienea kwa kasi ambayo GCash ya miaka ile haikuifikia. Lakini ni vyema tujue kwamba tulikuwa na ndugu waliotutangulia njiani.

Hadi leo vifurushi vya intaneti huko vinakatwa kwa roho ileile ya tingi: cha siku moja, cha video tu, cha mchezo mmoja tu wa simu. Anayetangaza bidhaa ya kulipia kwa mwaka mzima kwa mkupuo anazungumza na wachache wenye kadi za benki. Wengine wote anawapita.

Tingi ina upande wake wa uchungu, na mwandishi mwaminifu hawezi kuuruka. Mwaka 2019 muungano wa wanamazingira uitwao GAIA ulikadiria kwamba Wafilipino hutumia vipakiti vya plastiki takriban milioni 164 kila siku. Vingi huishia mitaroni na baharini, na maskini ndiye anayelaumiwa kwa uchafu wa vifungashio ambavyo hakuvibuni yeye.

Je, wajua kwamba ujumbe mfupi ulisaidia kumng'oa rais?

Mwaka 2001, Januari 16, maseneta walipiga kura kuzuia ushahidi kufunguliwa katika kesi ya kumwondoa madarakani Rais Joseph Estrada. Usiku uleule ujumbe mfupi ulianza kuruka kutoka simu hadi simu ukiwaita watu barabara ya EDSA katika eneo la Metro Manila. Januari 20 Estrada aliondoka ikulu. Enzi hizo Ufilipino iliitwa mji mkuu wa dunia wa ujumbe mfupi, kwa kuwa ujumbe ulikuwa rahisi kuliko kupiga. Watu waliokwishazoea kuitana namna hiyo hawakufundishwa na mtu yeyote jinsi ya kusambaza habari mtandaoni.

Je, wajua kwamba kwa mamilioni ya Wafilipino Facebook ilikuwa bure, lakini haikuwa na picha?

Mwaka 2013 Globe iliwapa wateja wake Facebook bila kutoza data, na mwaka 2015 mpango wa Facebook wa intaneti ya bure ukaingia nchini kupitia Smart. Mtu asiye na salio aliweza kusoma maandishi na kuandika maoni. Kwenye njia hiyo ya bure mara nyingi picha hazikufunguka wala video, na akibonyeza kiungo cha kwenda tovuti nyingine aliambiwa anunue data kwanza.

Fikiria maana yake kwa mwenye tangazo. Kampuni imelipa mpiga picha, imekodi studio, imeweka maelezo yote ndani ya picha, na msomaji anaona kisanduku kitupu. Walioelewa waliandika jina la bidhaa, bei na mahali pa kuipata kwa maneno, juu ya picha. Walielewa pia kwamba kumpeleka mteja kwenye tovuti nzuri ya kampuni ni kumpeleka kwenye mlango uliofungwa, hivyo wakamalizia biashara palepale, kwenye Messenger. Ndiyo sababu duka la Kifilipino la mtandaoni mara nyingi halina tovuti kabisa. Lina ukurasa, lina mtu wa kujibu ujumbe, na mtu huyo akichelewa kujibu mteja amekwenda.

Je, wajua kwamba silabi moja inaweza kuliharibu tangazo?

Silabi hiyo ni "po". Kitagalogi huipachika ndani ya sentensi kumheshimu anayezungumziwa, kama sisi tunavyoanza na shikamoo. Ndiyo ya kawaida ni "oo", na ndiyo yenye adabu ni "opo". Kuna tangazo moja la zamani la televisheni la McDonald's ambalo Wafilipino wa makamo bado wanalikariri. Babu mzee amekaa na mjukuu wake, kumbukumbu zimemchakaa, anamwita Gina. Binti anamrekebisha kwa upole: "Karen po." Babu anakosea tena, binti anarekebisha tena. Kisha babu anakata mkate wake wa nyama nusu kwa nusu, anaifunga nusu moja, na kusema anamwekea mjukuu wake kipenzi, Karen. Ndani ya tangazo zima sauti inayobaki kichwani ni ile "po". Ingetolewa, binti yule angekuwa mtovu wa adabu anayemkosoa mzee, na mkate usingenunulika.

Muuzaji wa mtandaoni naye humwita mteja Ate, yaani dada mkubwa, au Kuya, kaka mkubwa, hata kama hajui umri wake. Dukani utasikia "mamser", Madam na Sir zilizounganishwa zikawa neno moja ili asikosewe yeyote. Roboti ya kujibu ujumbe isiyojua maneno haya huonekana jeuri.

Katiba ya mwaka 1987 inazitambua Kifilipino na Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini watu wa mijini huzichanganya katika pumzi moja, na mchanganyiko huo una jina: Taglish. Tangazo la Kiingereza kitupu husikika kama barua ya benki. La Kifilipino sanifu kitupu husikika kama hotuba ya sikukuu ya taifa. Wasomaji wa Nairobi hawahitaji maelezo zaidi. Na lipo kosa kubwa kuliko hayo, la kudhani kila Mfilipino ni Mtagalogi. Nchi ina lugha zaidi ya 170. Ukifika Cebu na "Magandang umaga" yako ya Manila wataelewa umewaamkia, lakini aliyesema "Maayong buntag" ndiye aliyefika nyumbani.

Tukiwa bado kwenye lugha: utotoni wengi tulicheza kinyume, tukigeuza silabi ili wakubwa wasituelewe. Vijana wa Kifilipino wana mchezo huohuo. Mwaka 2017 ulishamiri mitandaoni: "lodi" ni neno la Kiingereza idol lililosomwa kuanzia nyuma, "werpa" ni power, na "petmalu" ni malupit, yaani kali, kiboko. Kampuni zilivamia maneno hayo na kuyabandika kila mahali. Miaka miwili baadaye Manila ikapata meya mpya, Isko Moreno, na watu wakamwita Yorme, yaani mayor iliyopinduliwa. Nawashauri wenye kampuni wawe waangalifu hapa. Neno la vijana likishafika kwenye bango la benki, vijana wenyewe wameshahama.

Na neno moja zuri mno kuliacha: "mahal" kwa Kitagalogi ni ghali, na pia ni mpendwa. "Mahal kita" ni nakupenda. Sisi tuna azizi, kilicho adimu na kinachopendwa, lakini hatuisikii sokoni mtu akilalamikia bei ya nyanya.

Je, wajua kwamba mapenzi ya watu wasioonana yalivunja rekodi ya dunia?

Kuna hisia inayoitwa kilig: ule msisimko unaopanda mwilini unapomwona umpendaye, au hata unapowaona wapendanao wengine. Kamusi ya Kiingereza ya Oxford ililiingiza neno hilo mwaka 2016.

Julai 16, 2015, katika kipindi cha mchana cha Eat Bulaga, msichana aliyeigiza yaya mkali, Maine Mendoza, alimwona mwigizaji Alden Richards kwenye nusu ya pili ya skrini. Akatabasamu, akajisahau, uigizaji ukamponyoka. Watazamaji waliona, na nchi ikawaka. Wawili hao walijengewa hadithi: wako sehemu mbili tofauti, wanaonana kwa skrini tu, hawazungumzi ila kwa kufuatisha midomo nyimbo za watu na kuandikiana kwenye karatasi, na bibi mkali anawazuia wasikutane hadi wakati ufaao utimie. Bibi huyo aliigizwa na mwanamume. Oktoba 24 mwaka huohuo walikutana jukwaani katika uwanja wa Philippine Arena, na hashtegi ya siku hiyo ilitumwa Twitter karibu mara milioni 41 ndani ya saa 24. Mechi ya nusu fainali ya Kombe la Dunia ya 2014, Brazil na Ujerumani, ilikuwa imevuna milioni 35.6.

Makampuni yaliwakimbilia wawili hao, McDonald's ikiwa miongoni mwao. Kwangu mimi la kustaajabisha ni yule bibi. Nchi nzima ya vijana wenye simu ilikubali kusubiri kwa sababu bibi alisema bado. Mtaalamu wa masoko aliyezoea kuharakisha watu kwa "nunua sasa" angefaa kulitafakari hilo usiku kucha.

Jollibee waliielewa kilig, wakaelewa pia uchungu wake. Kampuni hiyo ya kuku na tambi ilianzia kwenye duka la aiskrimu la Tony Tan Caktiong huko Cubao, Quezon City, mwaka 1975. Tambi zake ni tamu kwa sukari na zimekatiwa soseji, kwa sababu hivyo ndivyo watoto wa Kifilipino wanavyozipenda. McDonald's, iliyofika nchini mwaka 1981, nayo ilikuja kuuza tambi tamu na kuku kwa wali. Jitu la dunia lilipiga magoti mbele ya sahani ya mtoto.

Februari 2017 Jollibee iliweka mtandaoni filamu fupi tatu za Siku ya Wapendanao. Katika moja, mwanamume anasimulia jinsi alivyompenda rafiki yake tangu walipokutana. Tunaona kanisa, maua, suti, tunajiandaa kushangilia. Kumbe anayemwoa ni mwingine, naye ni rafiki tu aliyesimama kando akitabasamu. Nyingine inamwonyesha mtoto akimwandalia mama yake miadi, kwa maagizo aliyoyaacha baba kabla ya kufariki. Watu walilia kazini, wakazituma kwa mama zao, wakaikasirikia kampuni ya kuku kwa kuwavunja moyo, kisha wakaenda kula kuku. Sifa ya kuku inatajwa kwa nadra. Mkahawa uko pale kama unavyokuwa katika maisha ya watu: mahali pa kukutania.

Kicheko nacho kina nafasi yake, na wakati mwingine hakihitaji maana. Novemba 2020 kinywaji cha RC Cola kilitoa tangazo ambamo mtoto anamuuliza mama yake kwa machozi kama yeye ni wa kuasili, maana wenzake shuleni wanamcheka. Anavua shati, na mgongoni ana glasi nne zilizoota. Mama anakivua kichwa chake, na ndani ni chupa ya soda. Neno lililobaki midomoni mwa watu ni basta, yaani basi tu, ndivyo ilivyo. Wakala aliyelibuni anaitwa Gigil, na gigil ni neno jingine la Kifilipino, ile hamu ya kumfinya mtoto mzuri hadi unasaga meno. Oxford ililiingiza kamusini mwaka 2025.

Wakala huyohuyo Agosti 2021 alitengeneza tangazo la kampuni ya urembo lililomwonyesha mwanamke aliyenenepa na kuota nywele kwa kufungiwa ndani wakati wa korona. Halikukaa. Watu waliofiwa na waliopoteza kazi hawakutaka kuambiwa wamekuwa wabaya wa sura, na tangazo liliondolewa haraka pamoja na kuomba radhi.

Je, wajua kwamba Krismasi huanza Septemba?

Mwezi wowote unaoishia na "ber" kwa Kiingereza ni wa Krismasi. Septemba 1 maduka makubwa huanza kupiga wimbo wa Krismasi wa Jose Mari Chan wa mwaka 1990, na mitandao hujaa picha za mzee huyo akichungulia pembeni ya mlango. Kampuni inayotoa tangazo lake la sikukuu mwanzoni mwa Desemba imechelewa miezi mitatu.

Fedha nazo zina tarehe zake. Amri ya Rais namba 851 ya mwaka 1975 inawalazimu waajiri kutoa mshahara wa mwezi wa 13 kabla ya Desemba 24 kupita. Mwaka mzima sheria inataka wafanyakazi walipwe angalau mara mbili kwa mwezi, na desturi ni tarehe 15 na mwisho wa mwezi. Siku chache kabla ya hapo huitwa petsa de peligro, tarehe ya hatari, pale mfuko unapolia na watu wanakula dagaa wa kopo. Sisi tunaye Njaanuari. Wao hukutana na nduguye mara mbili kila mwezi. Masoko ya mtandaoni ya Lazada na Shopee yana sikukuu zake za punguzo za tarehe pacha, kama 9.9, 11.11 na 12.12, lakini hayasahau kuweka punguzo jingine siku ya mshahara.

Vimbunga pia vina kalenda. Takriban 20 huingia katika eneo la nchi hiyo kila mwaka. Mvua ikikaza, watu hutafuta mtandaoni maneno "walang pasok", hakuna shule leo. Asubuhi hiyo, ukurasa wa kampuni unaoendelea kushangilia punguzo la viatu huku watu wako juu ya mapaa hausamehewi upesi.

Je, wajua kwamba mnunuzi anaweza kuwa Riyadh na mzigo ukashuka Iloilo?

Wafilipino wapatao milioni 10 wanaishi nje ya nchi yao, na mwaka 2023 walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 33 kupitia benki. Wasomaji wetu walioko Dubai, Doha, Muscat na Jeddah wanawajua: ndio wenzao wa hospitali, hoteli na majumbani, wanaolala chumba kimoja nao na kupanga foleni moja nao dirisha la kutumia fedha. Wanajua pia lile sanduku kubwa la karatasi ngumu linalojazwa kwa miezi kadhaa sabuni, chokoleti, nyama ya kopo na viatu, likapelekwa kwa meli hadi kwa mama. Linaitwa sanduku la balikbayan, la anayerudi nchini.

Leo sehemu ya sanduku hilo imehamia kwenye simu. Binti yuko Riyadh, anaagiza jokofu kupitia programu, na dereva anakwenda kumpigia hodi mama yake. Kwa hiyo tangazo la jokofu lina wasomaji wawili, mmoja anayelipa akiwa mbali na mpweke, mwingine anayepokea. Atakayemwambia binti kwamba maji ya mama yatakuwa baridi Krismasi hii ameuza. Atakayemwambia habari za nguvu ya mashine bado anatafuta mteja.

Je, wajua makosa ambayo Wafilipino hawayasahau?

Mei 25, 1992, Pepsi ilitangaza kwenye televisheni namba ya ushindi katika shindano la vizibo: 349. Zawadi ya juu ilikuwa peso milioni moja. Kwa kosa la uchapaji, namba hiyo ilikuwa chini ya vizibo mamia ya maelfu. Watu waliokwishaona nyumba mpya machoni mwao walifika viwandani wakaambiwa hakuna kitu. Kampuni ilitoa peso 500 kwa kila mwenye kizibo, na watu zaidi ya 486,000 walizichukua. Wengine walikataa. Malori yalichomwa, mabomu ya kienyeji yalirushwa, na watu wasiopungua watano walikufa. Mahakama ya Juu ya nchi ilihitimisha mwaka 2006 kwamba kampuni haina deni. Ukitazama tangazo la shindano la Kifilipino leo, hata la Facebook, chini kabisa mara nyingi utaona namba ya kibali cha Idara ya Biashara na Viwanda. Bila kibali shindano la namna hiyo ni haramu.

Serikali yenyewe imeteleza. Nembo ya utalii ya mwaka 2010 ilifanana mno na ya Poland, ikafutwa ndani ya siku chache. Mwaka 2012 ikaja kaulimbiu kwamba Ufilipino kuna raha zaidi, na wananchi wakaipenda hadi wakatengeneza picha zao wenyewe za mzaha kuieneza. Juni 2023 ikaletwa mpya, ya kuwataka watu waipende Ufilipino. Video yake ilipokaguliwa, matuta ya mpunga yalikuwa ya Indonesia, mvuvi alikuwa wa Thailand, na mchanga wa jangwani ulikuwa wa Dubai. Matuta ya mpunga, jamani! Ufilipino ina matuta ya Ifugao, yaliyochongwa milimani na mababu na kuwekwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 1995. Wizara ya Utalii ilivunja mkataba na wakala wake ndani ya wiki moja.

Lipo kosa zito kuliko yote. Utafiti wa Jonathan Corpus Ong na Jason Cabañes uliotolewa 2018 ulionyesha kwamba waliokuwa juu kabisa katika kazi ya kueneza uongo wa kisiasa mitandaoni nchini humo ni watu wa matangazo na mahusiano ya umma, waliofanya mchana kazi za sabuni na usiku kazi za wanasiasa. Ujuzi wa kugusa moyo wa mtu ukauzwa kwa anayelipa. Maria Ressa, mwandishi aliyeufichua mapema uenezaji huo wa uongo, alipata Nobeli ya Amani mwaka 2021.

Je, wajua kwamba kuficha bei ni kuvunja sheria?

Jioni, ukifungua Facebook ya Kifilipino, utakuta soko limechangamka. Muuzaji yuko mbele ya kamera na rundo la nguo. Anainua blauzi, anaivuta kuonyesha mshono, anataja namba yake. Wa kwanza kuandika "mine" pamoja na namba hiyo ndiye mwenye blauzi. Anatajwa kwa jina, anapongezwa, wengine wanamwonea wivu. Anayeandika "mine" kisha asilipe huitwa joy reserver, na jina lake husambazwa kwa wauzaji wengine. Aliyenunua asichokihitaji husema amepigwa budol, neno lililotoka kwa matapeli wa mitaani na sasa linasemwa kwa kicheko. Wengi hulipa fedha taslimu mzigo ukifika mlangoni, maana imani kwa dereva anayeonekana ni kubwa kuliko imani kwa mashine isiyoonekana.

Lakini kuna wauzaji wanaoweka picha bila bei na kumtaka mteja aandike ujumbe wa siri ndipo aambiwe. Idara ya Biashara imewakumbusha mara kwa mara kwamba Sheria ya Watumiaji ya mwaka 1992, namba 7394, inataka bei ionekane, na Desemba 2023 ikasainiwa sheria nyingine, namba 11967, inayosimamia biashara za mtandaoni. Bei ya siri humfanya kila mteja ashuku kwamba jirani yake ameuziwa kwa nafuu, na suki hawezi kumfanyia suki wake hivyo.

Nawe uuzaye magauni, viatu na mapazia kwenye Instagram kutoka Kariakoo, Eastleigh au Kigali, ukaandika "bei njoo inboksi": mteja wako ana data kidogo na muda mchache. Andika bei chini ya picha.